Mcheza Kamari Mbele ya Serikali: Mkosaji, Mlipa Kodi, Mgonjwa

Katika lugha yetu yako maneno mawili ya jambo moja. Lipo neno kamari, na lipo neno bahati nasibu. La kwanza lina harufu ya lawama. La pili lina harufu ya matumaini. Yote mawili yametufikia kwa njia ya pwani, na asili yake ni huko mashariki. Kamari katika Kiarabu ni mchezo wa kushindania mali, na nasibu, kwa Kiarabu hicho hicho, ni fungu, yaani sehemu ya mtu aliyokatiwa. Ajabu ni kuwa Serikali zilizoitawala nchi hii zimeyatumia maneno hayo kwa zamu. Zilipotaka kuadhibu zilisema kamari. Zilipotaka kukusanya fedha zilisema bahati nasibu. Insha hii yajaribu kuifuata historia hiyo tangu zama za Waingereza hata leo, na kuuliza swali moja tu: katika mafungu yote yaliyokatwa katika mali ya mchezo, liko wapi fungu la yule aliyeumizwa na mchezo?

Swali hilo nitaliuliza nikitazama kutoka Mungaa. Historia ya kamari ikiandikwa kutoka Dar es Salaam, mwandishi huona majumba ya kamari, taa zake, na hesabu za Hazina. Ikiandikwa kutoka Mungaa, huona mambo mengine: huona mchezo umefika, kodi imeondoka, na tiba haijaja. Mungaa ni kata ya Wilaya ya Ikungi, katika Mkoa wa Singida. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 1963, na wilaya hiyo mwaka 2012, ilipokatwa kutoka katika Wilaya ya Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa jembe na mifugo. Mtama na uwele ndicho chakula chao cha tangu zamani, na alizeti ni zao lao la fedha. Mvua yao ni ya msimu mmoja, na kwa sababu hiyo fedha yao pia ni ya msimu mmoja. Mtumishi wa mjini akipoteza mshahara wa mwezi, mwezi mwingine waja. Mkulima wa Mungaa akipoteza fedha ya alizeti, amepoteza mwaka. Yafaa msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwani uzito wa hasara haupimwi kwa wingi wa shilingi peke yake, bali hupimwa pia kwa urefu wa muda ambao mtu atangoja kabla ya kushika fedha nyingine.

Tuanze na zama za kwanza, zama za mkosaji. Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuja na sheria zao, na sheria zao zilikuja na historia yake. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji, na katika sheria hiyo mtu aliyecheza kamari njiani alihesabiwa kundi moja na laghai na mzururaji. Zaidi ya miaka 100 baadaye wazo hilo lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, iliyoanza kutumika mwaka 1945, ilimweka mtu achezaye mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa hadhara katika orodha ya wavivu na wasio na utaratibu, pamoja na ombaomba na makahaba. Kadhalika ilikuwa kosa kuweka nyumba ya kamari.

Tazama maana yake. Sheria haikuuliza mtu huyu amepoteza nini, wala nani nyumbani kwake amelala na njaa. Iliuliza alikuwa wapi. Bwana aliyecheza karata kwa fedha ndani ya klabu yake hakuwa hadharani. Mchukuzi aliyecheza chini ya mwembe alikuwa hadharani. Kwa hiyo kosa lenyewe halikuwa kupoteza mali, bali kuonekana ukipoteza. Na adhabu ilipokuwa faini, mtu aliyekwisha kupoteza fedha yake mchezoni aliipoteza mara ya pili mahakamani. Fungu la kwanza la Serikali katika kamari lilipatikana hivyo. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa fungu, na liliandikwa katika daftari la mahakama.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Kanuni hiyo ilibaki mahali pake. Hata hivyo, pembeni yake zilitungwa sheria nyingine zenye sura tofauti. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ilitungwa sheria ya kusimamia bahati nasibu na michezo ya kubashiri matokeo, na mwaka 1974 ikafuata Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Msomaji aweza kustaajabu. Nchi iliyotangaza kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba jasho la mtu ndilo limlishe, yawezaje kumwuzia raia tiketi ya bahati? Yaelekea jibu lilikuwa katika neno Taifa. Mtu anunuaye tiketi ya Taifa, hata akikosa, alidhaniwa kuwa hakupoteza, maana fedha yake iliingia katika mfuko wa wote. Mchezo uliokuwa kosa ukifanywa na wawili barazani ukawa mchango ukifanywa na maelfu chini ya mhuri wa Serikali. Sisemi kwamba wazo hilo lilikuwa la hila. Nchi ilikuwa maskini, ilitaka shule na zahanati, na kila senti ilikuwa na kazi. Nasema tu kwamba hapo ndipo Serikali ilipoanza kuwa mshirika katika mchezo, na mshirika hupaswa kujua mchezo umemfanya nini mwenzake.

Zama za pili, zama za mlipa kodi, zilikomaa baada ya milango ya biashara huria kufunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ni Sura ya 41 ya sheria za nchi, na kwa sheria hiyo ikaundwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Wizara ya Fedha. Majumba ya kamari, mashine, bahati nasibu na ubashiri wa michezo vyote vikawekwa chini ya leseni, na mtu asiyetimiza miaka 18 akakatazwa kucheza. Neno kamari lenyewe lilitoweka katika jina la Bodi. Jina jipya lilikuwa kubahatisha, neno lisilo na lawama wala sifa.

Mambo mawili yaliutoa mchezo huo mjini na kuuleta vijijini. La kwanza ni mashine ndogo za sarafu, ambazo watu wameziita dubwi, zikawekwa katika vilabu vya pombe na maduka, na kulishwa sarafu ya shilingi 200. La pili, na ndilo kubwa zaidi, ni simu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008 kwa manufaa makubwa: mzazi wa Mungaa akaweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Arusha bila kupanda basi. Lakini njia iletayo fedha ndiyo njia iiondoayo. Ubashiri wa mpira ulipoingia katika simu, mtu hakuhitaji tena kwenda mahali pa kamari, kwani mahali pa kamari palikuwa mfukoni mwake, shambani na kitandani. Vijana wakaipa orodha ya utabiri wao jina la mkeka, na utabiri ukishindwa husema mkeka umechanika. Ni jina la mzaha, lakini mkeka ni kitu cha nyumbani. Ndicho watu hulalia. Sheria ya mwaka 1945 ilitafuta mchezaji hadharani. Sasa hadhara imekwisha, na mtu aweza kumaliza fedha ya msimu mzima pasipo jirani kuona chochote.

Serikali nayo ilijifunza kuhesabu vizuri zaidi. Tangu Julai 2017 kodi ya michezo hii imekusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania badala ya Bodi. Katika mwaka wa fedha wa 2016/17 kodi hiyo ilikuwa shilingi bilioni 33.6, katika mwaka wa 2022/23 ilifika shilingi bilioni 170.4. Katika muda wa miaka sita imekuwa mara tano na zaidi. Hakuna zao la Singida lililokua kwa mwendo huo.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilikubali kanuni moja muhimu, nayo ni kwamba kodi ya kamari yaweza kukatiwa fungu lenye kazi maalumu. Iliamuliwa kwamba asilimia 5 ya kodi itokanayo na ubashiri wa michezo iende katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Mwigulu Nchemba, alikuwa mbunge wa Iramba Magharibi, jimbo la mkoa huu huu wa Singida. Hoja iliyosimamia uamuzi huo ni rahisi kueleweka na ni ya haki: kama mpira ndio unaowavuta watu kubashiri, basi mpira nao upate sehemu yake. Wachezaji wa mpira wakakumbukwa. Na ni vema. Lakini kama ni haki mwenye kuuchezesha mguu apate fungu, je, si haki zaidi apate fungu yule aliyepoteza nyumba? Katika mgawo ule hakutajwa. Mlango ulifunguliwa, mmoja akaingia, na mwingine akabaki nje.

Huenda mtu akauliza: huyu aliyebaki nje ni mgonjwa, au ni mpumbavu tu? Swali hilo nalo lina historia. Mwaka 1957, huko Los Angeles, Marekani, watu waliotekwa na kamari walianza kukutana na kusaidiana kwa mazungumzo, na umoja wao ukaitwa Gamblers Anonymous. Mwaka 1972 daktari Robert Custer alifungua tiba ya kulaza wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya askari wastaafu ya Brecksville, Ohio. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuweka ugonjwa huo katika kitabu chake cha magonjwa, na mwaka 2013 kikauhamisha kutoka kundi la misukumo isiyozuilika na kuuweka kundi moja na ulevi. Shirika la Afya Duniani limeuweka vivyo hivyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Tanzania ni mwanachama wa Shirika hilo. Kwa hiyo si suala la maoni ya mtu mmoja.

Dalili zake zajulikana. Mtu hucheza kwa kiasi kinachoongezeka, hujaribu kuacha asiweze, hufuata fedha iliyopotea kwa kuweka nyingine, huficha. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba maswali mawili tu yatosha kumtambua mtu anayefaa kuchunguzwa zaidi: je, umewahi kujisikia huna budi kuweka fedha nyingi zaidi na zaidi? Na je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu juu ya kiasi unachocheza? Mganga wa zahanati yoyote, awe na vifaa au asiwe navyo, aweza kuyauliza. Na tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni maneno: kumfundisha mgonjwa kuzitambua fikra zinazomdanganya, kumpangia matumizi ya fedha, na kumrudisha kwa watu wake. Haihitaji mashine wala chumba cha upasuaji. Inahitaji mtu aliyefundishwa, na mtu aliyefundishwa hulipwa.

Tufikirie basi mkulima mmoja wa Mungaa, si mtu fulani, bali mfano tu. Ameuza alizeti mwezi wa Juni. Kufika Agosti ameweka fedha yote katika mikeka, akauza na mbuzi ili airudishe ile iliyopotea, kisha akakopa. Mkewe ajua kwamba fedha imekwisha, hajui ilikokwenda. Aende wapi? Akienda kwa mwenyekiti wa kijiji, habari yake ni aibu. Akienda kanisani au msikitini, ataambiwa kwamba kamari ni dhambi, na hilo alilijua. Akienda hospitali, atasema haumwi mahali popote. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, iliyojengwa Dodoma mwaka 1927, safari ya zaidi ya kilometa 200. Na jina la Mirembe, vijijini kwetu, lamtisha mtu kuliko ugonjwa wenyewe. Hatimaye mzigo huwaangukia ndugu. Kaka huuza ng'ombe, mjomba hulipa deni, mtoto huacha shule. Ukoo ndio ambao umekuwa mfuko wa tiba ya kamari tangu zama za Kanuni ya Adhabu, nao haujapata kuandikwa katika bajeti ya mtu yeyote. Wako pia ambao hawafiki hata kwa ndugu. Madaktari wa nchi nyingi wameonya kwamba wagonjwa wa kamari wamo katika hatari kubwa ya kujiua, kwa kuwa deni na siri ni mzigo mbaya kuubeba pamoja.

Nchi nyingine zimefanya nini? Twaweza kuzigawa katika njia mbili. Njia ya kwanza ni kufunga. Januari 2019 Rais Museveni wa Uganda aliagiza kwamba leseni za makampuni ya ubashiri zisitolewe tena, na tangazo hilo lilitolewa na Waziri wa Nchi ambaye, kwa mzaha wa majaliwa, jina lake ni David Bahati. Julai mwaka huo huo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27. Hatua hizo zilionyesha kwamba Serikali yaweza kuikemea biashara hii. Lakini kufunga duka hakumponyi mlevi. Leseni zilirudi baadaye kwa namna moja au nyingine, na mgonjwa aliyekuwa mgonjwa kabla ya amri alibaki mgonjwa baada yake.

Njia ya pili ni kulipia tiba kwa mali ya mchezo wenyewe. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 2003, iliikabidhi Wizara ya Afya kazi ya kupunguza madhara ya kamari, na gharama yake ikatozwa waendeshaji wa michezo. Hesabu ya tozo hiyo hutazama mambo mawili: watu wamepoteza kiasi gani katika kila aina ya mchezo, na wagonjwa wangapi wanaotafuta msaada wametokana na mchezo huo. Hivyo mchezo uumizao zaidi hulipa zaidi. Afrika ya Kusini ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 2000, makampuni yakichangia sehemu moja katika elfu ya mapato yao, na kwa fedha hiyo ukapatikana ushauri wa bure kwa simu na tiba. Uingereza, ambayo sheria yake ya 1824 tuliirithi, ilitegemea kwa muda mrefu michango ya hiari ya makampuni. Watu wakalalamika kwamba atoaye kwa hiari ndiye achaguaye kiasi, na achaguaye kiasi hukaribia kuchagua maneno. Tangu Aprili 2025 mchango huo umekuwa tozo ya lazima, kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato ya kampuni kwa kadiri ya aina ya mchezo. Nusu yake huenda katika tiba, asilimia 30 katika kinga, na asilimia 20 katika utafiti. Basi mwenye sheria ya zamani ameiendea njia mpya. Je, sisi tuliorithi adhabu yake tutaacha kujifunza tiba yake?

Wala haitupasi kutafuta mifano ng'ambo tu, kwani nyumbani iko. Katika nchi hiyo hiyo ya Mungaa ipo Hospitali ya Makiungu. Ilianzishwa mwaka 1954 na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoundwa mwaka 1937 na Mwairish Mary Martin. Wenyeji walipelekewa tiba ya kisasa na watu wasio ndugu zao, kwa fedha iliyochangwa mbali. Baada ya Uhuru, Serikali iliona kwamba mgonjwa hapaswi kuachiwa huruma ya wahisani peke yake, na kwa miaka mingi imezisaidia hospitali za mashirika ya dini kwa ruzuku na watumishi. Kanuni yake ni nzuri: tiba yaweza kutolewa na mwingine, lakini dhamana ya kuigharimia haikwepi Serikali.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mtumiaji wa heroini, kwa muda mrefu, alikuwa na daftari moja tu katika nchi hii, nalo ni la polisi. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kumpa methadoni, dawa ya kumtoa katika heroini pole pole, kwa msaada wa fedha za Marekani. Na baadaye kliniki za namna hiyo zilifunguliwa katika mikoa mingine, Dodoma ikiwamo. Mtu yule yule aliyekuwa akikimbizwa vichochoroni akaanza kupanga foleni asubuhi akanywe dawa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kumtibu Serikali imeihalalisha heroini. Basi kama tumeweza kulivuka daraja hilo kwa dawa ambayo ni haramu na hailipi kodi hata senti moja, twashindwaje kulivuka kwa mchezo ambao ni halali na unalipa mabilioni?

Hata hivyo ni lazima tuzisikilize hoja za wapinzani, maana zina uzito. Ya kwanza yasema: zahanati zetu hazina dawa za kutosha za malaria, kwa nini shilingi itolewe kwa mtu aliyejiletea maradhi kwa tamaa? Jibu langu ni kwamba Serikali haikusanyi ushuru kwa mbu. Malaria haina leseni, haina tangazo redioni, wala haiingizi bilioni 170 katika Hazina. Mwenye kupokea fungu katika jambo hupokea na wajibu wake. Tena fungu ninalolitaja halitoki katika fedha ya malaria. Latoka katika fedha ya mchezo.

Hoja ya pili yatoka kwa watu wa dini, nayo yasema kwamba fedha ya kamari ni najisi, haifai kununulia tiba. Nawaheshimu wasemao hivyo. Lakini fedha hiyo imekwisha kuingia Hazina, imechanganyika na ya chumvi na ya sukari, na imekwisha kulipa mishahara. Kama kuna shilingi iwezayo kutakaswa, ni ile inayorudi kwa mtu aliyenyang'anywa.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni kwamba Serikali ikiisha kutegemea kodi ya kamari hata kwa tiba, haitataka tena kamari ipungue. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kwamba mkono ukusanyao kodi usiwe mkono utibuo. Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha. Tiba na iwe chini ya Wizara ya Afya, ambayo haina faida katika kuongezeka kwa wachezaji. Na ripoti ya wagonjwa isomwe Bungeni siku moja na ripoti ya mapato, ili Mbunge asikiapo kwamba mapato yamepanda asikie pia nini kingine kimepanda.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Asilimia 1 ya kodi ya mwaka 2022/23 ni shilingi bilioni 1.7. Fedha hiyo haijengi hospitali mpya, wala hatuhitaji hospitali mpya. Yaweza kuwafundisha waganga wa wilaya yale maswali mawili na namna ya kumsaidia ajibuye ndiyo. Yaweza kuweka simu ya bure ambayo mtu wa Mungaa ataipiga usiku bila jirani kumwona, kwa simu ile ile iliyomwingiza katika matata. Yaweza kumlipa mshauri katika hospitali kama ya Makiungu. Na yaweza kuweka daftari ambamo mtu mwenyewe, akiwa na akili timamu, aliandikisha jina lake ili kampuni zote zimfungie mlango.

Kwa muhtasari, historia yatuonyesha kwamba Serikali imekuwa na daftari la mcheza kamari kila wakati. Mwaka 1945 lilikuwa daftari la mahakama. Baada ya 1974 lilikuwa daftari la tiketi. Tangu 2003 ni daftari la kodi. Kila daftari lilijua jinsi ya kuandika alichotoa. Lililokosekana ni daftari la kliniki, lenye kuandika alichopata. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu, kule Mungaa, hujengwa na mjomba kwa ng'ombe wake. Fungu la michezo lilikatwa mwaka 2021 kwa sentensi moja ya bajeti. Fungu la tiba halihitaji sentensi ndefu kuliko hiyo.